Kabla Hujanunua Chipu ya DAC, Angalia Stima Yako

Karibu kila kijana anayenitafuta kuhusu DAC za kujiundia, yaani vifaa vya kugeuza tarakimu za muziki kuwa volti za sauti, huanza na swali lile lile: "Fundi, ninunue chipu gani?" Majina tayari anayo kichwani, anayataja kama shabiki anavyotaja kikosi cha Gor Mahia. Jibu langu huwa halimfurahishi. Nunua chipu yoyote ya kawaida ya bei nafuu, halafu pesa iliyobaki na akili yako yote uzielekeze kwenye umeme unaoilisha na kwenye waya wa ardhi. Chipu za siku hizi, hata zile za bei ya chini, zimeyapita masikio yetu kitambo. Kinachosikika ukivaa hedifoni usiku, nyumba ikiwa imetulia, ni stima ikivuma nyuma ya muziki.

Kwa ambaye ndio kwanza anaingia: muziki ulio kwenye simu au kompyuta ni tarakimu tupu. Tangu CD ya Philips na Sony iingie sokoni mwaka 1982, mazoea yamekuwa kupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kuandikwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 za ukubwa. Kazi ya DAC ni kuzisoma tarakimu hizo na kutoa volti inayopanda na kushuka kufuata wimbi la awali. Amplifaya ya hedifoni inaipokea volti hiyo na kuipa mkondo wa kutosha kusukuma hedifoni. Ni kazi mbili tofauti, hata kama ndani ya simu yako zinafanywa na chipu moja.

Na usijiunde kifaa hiki ukidhani unaokoa pesa. Kile kiwaya kifupi cha Apple cha kuchomeka hedifoni kwenye USB-C kina DAC na amplifaya ndani yake, kinatoa kama volti 1, na kwa vipimo kinavishinda vitu vingi vinavyoundwa mezani, changu kikiwemo siku nikiwa na haraka. Sababu za maana ni mbili: una hedifoni ngumu kusukuma, mathalani za omu (kipimo cha ukinzani) 250 au 300, au unataka kujua vitu vinavyofanya kazi. Mimi niko kundi la pili, na nadhani wengi mnaonisoma ni wa huko pia.

Anza na amplifaya, usianze na DAC. Amplifaya ikiwa na kasoro utaisikia, na multimita ya kawaida itakuonyesha ilipo. DAC ikigoma inakaa kimya tu, na wewe huna kifaa cha kuchungulia kinachopita kwenye waya zake.

Sakiti ninayompa kila anayeanza ni ile ya Chu Moy wa Marekani, ambayo wapenzi wa mambo haya huiita CMoy. Ina opampu (chipu ya kukuza sauti) moja yenye pande mbili ndani, kushoto na kulia, potenshomita ya kuongeza na kupunguza sauti, kapasita mbili za mlangoni, rezista chache na betri ya volti 9. Wenzetu huijenga ndani ya kopo la bati la peremende. Kopo lolote la bati lenye kifuniko litafaa. Inaingia yote kwenye kipande cha veroboadi, ile bodi yenye matundu ya kulehemia, kisichozidi kiganja.

Ila usiinakili ilivyo. Mchoro wa awali unaikuza sauti mara 11. Tufanye hesabu. Hedifoni ya omu 32 yenye usikivu wa desibeli 100 kwa miliwati moja inahitaji volti 0.18 tu kufikia desibeli hizo 100, na desibeli 100 ni kelele ya kukuumiza. DAC nyingi za sasa hutoa volti 2 zikiwa wazi kabisa. Ukizidisha hizo mara 11, unapata amplifaya ambayo ukigusa kitufe kidogo tu masikio yanalia. Ukirudi chini, upande mmoja unapotea kabla ya mwenzake, kwa sababu potenshomita za bei rahisi pande zake mbili hazilingani mwanzoni mwa mzunguko. Watu hulaumu opampu kwa hilo, wanabadilisha ya pili, ya tatu, na upande wa kushoto bado unachelewa. Kuza mara 2, basi. Rezista mbili zinazolingana, 1K na 1K (K ni omu elfu), zitakupa hiyo mara 2. Mwenye hedifoni za omu 300 anaweza kwenda mara 3 au 4.

Kwenye potenshomita yenyewe, soma herufi iliyo mbele ya namba. A10K ndiyo ya sauti. B10K inapanda kwa mstari ulionyooka, na sauti yote itarundikana kwenye robo ya kwanza ya mzunguko.

Sasa kuna jambo ambalo michoro mingi inayozunguka hailisemi, nalo ndilo linalowasumbua mafundi wa huku kuliko lingine. Mchoro wa zamani una rezista ya 100K kutoka mguu wa kuingilia hadi ardhi (nukta ya volti sifuri ya sakiti), pamoja na kapasita ya maikrofaradi 0.1. Ulichorwa kwa opampu zenye mlango wa FET (aina ya transista), kama OPA2134, ambazo hazinyonyi mkondo wa maana pale mlangoni. Lakini ukizunguka maduka ya Kisumu unachopata kwa urahisi ni TL072 na NE5532. TL072 mlango wake ni wa FET pia, sawa, lakini haina nguvu ya kusukuma omu 32. Utasikia sauti ikikwaruza mapema. NE5532 nguvu inayo, ila mlango wake hunyonya kama nanoampia 200. Zidisha kwa 100K upate milivolti 20, kisha kuza mara 2: milivolti 40 za umeme mnyoofu (DC) zinakaa kwenye hedifoni zako muda wote, muziki uwepo usiwepo. Ule utando wa spika ndani ya hedifoni unakaa umesukumwa upande mmoja.

Dawa yake ni rahisi. Weka 22K mahali pa 100K, na maikrofaradi 1 mahali pa 0.1 ili besi isikatwe. Umeme mnyoofu unashuka hadi karibu milivolti 10, na ukomo wa chini wa sauti unakuwa hezi 7 hivi, mbali kabisa chini ya gitaa la besi la benga. Kapasita hiyo iwe ya plastiki, zile za mraba zinazofanana na peremende. Za keramiki za ukubwa huo hubadilika tabia kadiri volti inavyobadilika, na hilo kwenye njia ya sauti hatulitaki.

LM358, ambayo iko kila mahali kwa sababu imo ndani ya chaja na mizani, iache kwenye chaja na mizani. Inapovuka kutoka chanya kwenda hasi inajikwaa, na kwenye muziki wa taratibu kikwazo hicho kinasikika.

Ukishamaliza kulehemu, hedifoni zako nzuri ziweke chumba kingine. Sitanii. Washa, weka multimita kwenye volti nyoofu, kipimo cha milivolti 200, ncha nyeusi kwenye ardhi ya tundu la hedifoni na nyekundu upande wa kushoto, kisha wa kulia. Ukisoma chini ya milivolti 20, endelea. Ukisoma zaidi ya 50, zima utafute sababu. Ukisoma volti nzima, mara nyingi ni mguu umelehemiwa pasipo pake, au rezista ya kurudisha sauti haijashika. Baada ya hapo gusa chipu kwa kidole. NE5532 bila muziki hunywa miliampia 8 hivi tu, kwa hiyo inafaa iwe na uvuguvugu, si moto. Ikiwa ya moto na hakuna muziki, inapiga kelele kwenye masafa ambayo sikio halifiki, na utaijua kwa joto lake. Lehemu kapasita ndogo ya nanofaradi 100, zile za manjano zilizoandikwa 104, moja kutoka mguu wa 8 hadi ardhi na nyingine kutoka mguu wa 4 hadi ardhi, karibu na chipu kadiri mkono unavyoruhusu. Sentimita 5 za waya kati ya kapasita na mguu zinaiondolea kapasita maana yake. Halafu chomeka iafoni za wachuuzi wa stendi kwanza. Zikinusurika, haya, leta zako.

(Mnaolehemu usiku karibu na ziwa, fungeni dirisha. Msimu wa wadudu wa ziwani wakifuata taa, wanaanguka kwenye lehemu ikiwa bado majimaji, na kiungo kinabaki na tundu ndani. Moshi wenyewe utoeni kwa feni ndogo ya kompyuta.)

Nimesema betri, na nasisitiza betri kwa kifaa cha kwanza. Betri haina mvumo. Ukisikia mvumo ukiwa kwenye betri, unajua mara moja kwamba unatoka kwenye waya zako au kwenye kile ulichokiunganisha. Umepunguza washukiwa kwa nusu.

Tena tumia betri mbili za volti 9, si moja. Unganisha chanya ya moja na hasi ya nyingine, na pale katikati pawe ardhi yako. Unapata chanya 9 na hasi 9, ardhi ya kweli, imara. Mchoro wa betri moja unagawanya volti 9 kwa rezista mbili na kuita katikati "ardhi". Ni ardhi ya kudanganya, na ina mtego. Kijana anajenga hiyo, inamwimbia vizuri, kisha anachoka kununua betri, anaamua kuilisha kwa USB ile ile inayolisha DAC. Ardhi ya DAC ni hasi ya USB. Ardhi ya amplifaya iko katikati, volti 2.5 juu yake. Waya wa sauti unapoziunganisha ardhi hizo mbili, nusu ya umeme wa amplifaya imefungwa mzunguko mfupi. Chipu inawaka moto, sauti inakuwa upuuzi, na yeye anakuja akilalamika aliuziwa chipu feki. Kama unataka ardhi ya katikati, amplifaya iwe na chanzo chake cha umeme kisichogusana kabisa na cha DAC. Hakuna njia ya mkato hapo.

Sasa stima ya ukutani. Ikiwa hujawahi kushika 240, usianzie hapa. Mtafute fundi wa stima akae nawe siku ya kwanza. Volti 240 haikupi nafasi ya kuuliza.

Ninachopendelea ni transfoma ya 12-0-12. Zimejaa ndani ya wufa zilizokufa, na kwa wauza vyuma wa soko la Kibuye, Kisumu, hasa Jumapili, utachagua. Shika ile nzito kulingana na ukubwa wake, na nusa: transfoma iliyowahi kuungua ina harufu ya vanishi iliyochomeka ambayo haitoki hata baada ya miaka. Dayodi nne za 1N4007, kapasita mbili za maikrofaradi 2200 za volti 35, kisha regyuleta (chipu za kushikilia volti isibadilike) mbili, 7812 kwa chanya na 7912 kwa hasi. Volti 12 za transfoma zikishanyooshwa zinafika 16 au 17, ndiyo maana kapasita ya volti 16 haifai hapo hata kama muuzaji anakuapia.

Kwenye regyuleta ndipo wengi huunguza vitu. Zinafanana kama pacha, lakini miguu yake haifanani. Ukiishika 7812 maandishi yakikutazama, kushoto ni kuingia, katikati ni ardhi, kulia ni kutoka. Kwenye 7912, kushoto ni ardhi, katikati ni kuingia, kulia ni kutoka. Na kile kibati cha nyuma chenye tundu kimeunganishwa na mguu wa katikati: kwenye 7812 ni ardhi, kwenye 7912 ni umeme wa hasi ambao haujanyooka vizuri. Ukizifunga zote mbili kwenye bati moja la kupozea bila kuweka kipande cha maika katikati, umefunga mzunguko mfupi kwa skrubu. Nimeona bodi nzuri kabisa, lehemu zake zinang'aa, zikizimwa na skrubu moja ya namna hiyo.

Weka fyuzi ndogo upande wa 240, miliampia 250 inatosha kwa transfoma ya ukubwa huu. Kasha likiwa la chuma, pini ya tatu ya plagi lazima ilifunge kasha hilo, kwa skrubu yake peke yake. Na mawingu yakianza kukusanyika juu ya ziwa jioni, chomoa. Swichi ya ukutani haiizuii radi, na watu wa Kakamega na Kisii hawahitaji kufundishwa hilo.

Waya wa ardhi ndio moyo wa kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mtu anayeanza hufikiri ardhi ni ardhi, popote unapoigusa ni sawa. Kwenye mchoro ni sawa. Kwenye bodi, waya wowote una ukinzani mdogo, na mkondo ukipita juu yake unaacha volti ndogo. Dayodi zako zinaijaza kapasita kubwa kwa vishindo mara 100 kila sekunde, na kila kishindo ni mkondo mkubwa wa muda mfupi. Ukiruhusu vishindo hivyo vipite kwenye waya ule ule ambao potenshomita inautumia kama ardhi ya sauti, umevichanganya na muziki kabla opampu haijaukuza. Huo ndio mvumo wa hezi 100, mkali kidogo, tofauti na mvumo mzito wa hezi 50 unaotoka kwa transfoma iliyokaa karibu mno na waya wa kuingilia.

Kwa hiyo chagua nukta moja, karibu na kapasita kubwa ila mbele yake, upande wa regyuleta. Ardhi ya tundu la kuingilia ije hapo kwa waya wake. Ya potenshomita na opampu ije hapo. Ya tundu la hedifoni ije hapo kwa waya mnene, kwa sababu kushoto na kulia zinaitumia kwa pamoja, na waya mwembamba hapo huzichanganya pande mbili hadi sauti ya mwimbaji aliye katikati inafifia. Transfoma iweke pembe ya mbali kabisa na tundu la kuingilia. Ukiwa bado unasikia mvumo wa hezi 50, legeza skrubu za transfoma uizungushe taratibu ukiwa umevaa hedifoni, ukishika plastiki tu; kuna pembe ambayo mvumo unanyauka. Ifunge hapo.

DAC sasa inakuwa rahisi. Usihangaike kulehemu chipu yenye miguu ya nusu milimita. Nunua bodi ndogo iliyokamilika yenye PCM5102A ya Texas Instruments. Kwenye karatasi yake inatajwa kuwa na desibeli 112 kati ya sauti na kelele, inatoa volti 2.1, na inatengeneza umeme wake wa hasi ndani, kwa hiyo haihitaji kapasita za kutokea. Isichoweza ni kuendesha hedifoni. Inataka mzigo usiopungua omu 1,000, na hedifoni yako ina 32. Bodi nyingi za namna hii zina tundu la hedifoni pembeni, na tundu hilo linawadanganya watu. Ni la kwenda kwenye amplifaya.

Inaingiziwa sauti kwa waya tatu za I2S, njia ya kupitisha tarakimu za sauti kati ya chipu. Kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, BCK inakwenda GPIO 18, LRCK inakwenda GPIO 19, na DIN inakwenda GPIO 21. SCK unganisha na ardhi, chipu itajitengenezea saa yake. Kwenye faili la config.txt ongeza mstari wa dtoverlay=hifiberry-dac, uzime uwashe. Waya hizo ziwe fupi, zisizidi sentimita 10, na waya wa ardhi upite pamoja nazo.

Kama ni kimya, geuza bodi uangalie nyuma. Kuna vidaraja vinne vya lehemu, H1L, H2L, H3L na H4L, kila kimoja na upande wa H na wa L. Cha 1, cha 2 na cha 4 viende L. Cha 3 kiende H, kwa sababu ndicho kinachoiziba midomo chipu kikiwa chini. Bodi nyingine zinakuja vidaraja vikiwa wazi vyote. Tone la lehemu kwenye H3L ndilo lililotibu zaidi ya nusu ya "DAC mbovu" zilizoletwa kwangu, na wenye nazo huwa wameshaagiza nyingine.

Kuna wanaoniuliza kuhusu TDA1543 ya Philips, ile ya biti 16 iliyokuwa ndani ya vicheza CD vya zamani, inayoendeshwa bila kichujio ikisifiwa kuwa na sauti "ya asili". Ni chipu ya kufurahisha kujifunzia. Lakini ikiendeshwa hivyo kwa sampuli 44,100, inapunguza sauti za juu kwa zaidi ya desibeli 3 ukifika hezi 20,000. Hiyo ndiyo asili wanayoisikia. Ukiipenda, ipende, mimi singelipa bei wanazoitisha.

Sasa tuseme umejenga vyote, betri ilikuwa kimya, na ukiunganisha kompyuta mvumo unaingia. Kabla ya kufungua kasha, chomoa chaja ya kompyuta iendeshwe na betri yake. Mvumo ukitoweka, kifaa chako hakina kosa. Chaja hizi zina kapasita ndogo kati ya upande wa 240 na upande wa chini, na pini ya ardhi isipofika popote, mwili wa kompyuta unabaki ukielea na volti. Ndiyo ule muwasho unaousikia ukipitisha mkono kwenye chuma chake. Nyumba nyingi za kupanga soketi ina tundu la tatu, lakini nyuma ya tundu hakuna waya. Mlete fundi wa stima aipime ardhi ya nyumba. Ni usalama wako kwanza, sauti baadaye. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa mvumo, hata kama kuna aliyekuambia inafanya kazi. Inafanya kazi mpaka siku transfoma inapovuja.

Unapolinganisha kifaa kipya na cha zamani, linganisha sauti kwanza, la sivyo unajidanganya. Kinachopiga juu kidogo, hata kwa chini ya desibeli 1, sikio hukiita bora: besi ina mwili, orutu, ile fidla ya Waluo, inalia karibu. Cheza mlio mmoja wa hezi 100, pima volti kwenye tundu la hedifoni kwa multimita upande wa AC, kisha sogeza kitufe hadi vifaa vyote viwili visome sawa. Nimetaja hezi 100 makusudi, maana multimita za bei ndogo husoma vibaya ukipanda juu. Kisha mwombe mtu akubadilishie bila kukuambia kipi ni kipi. Nyatiti ni kipimo kizuri cha zoezi hili, kwa sababu ya zile nyuzi nane zinazochomolewa kwa ghafla pamoja na pete ya mguuni inayogonga ubao. Amplifaya iliyozidiwa huifanya pete isikike kama kijiko kwenye sufuria. Na usikae juu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 unazoongeza zinaukata muda huo nusu.

Mwisho, kununua. Vitu vingi utavipata Kisumu kwenyewe, na visivyopatikana huletwa na basi kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, siku ya pili. Transfoma, makasha, nyaya nene, vibati vya kupozea na hata matundu ya hedifoni yatoe kwenye vifaa vilivyokufa bila wasiwasi. Kapasita za maji (za elektroliti) usizitoe huko. Zinakauka na umri, na ukiilehemu ya zamani unanunua mvumo wa mwaka ujao. Nunua mpya, zilizoandikwa nyuzi 105, si 85, hasa kwa joto la huku chini. Opampu zenye majina makubwa kwa bei ya soda zitilie shaka. Chovya pamba kwenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha, sugua mgongo wa chipu. Rangi nyeusi ikitoka na maandishi mengine yakajitokeza chini, ilipakwa upya. Ikipita hapo, ipe umeme na pima inachokunywa bila muziki: ikiwa imeandikwa NE5532 na inakunywa miliampia 3 badala ya 8 hivi, hiyo ni chipu nyingine iliyobandikwa jina, na afadhali ununue TL072 ya kweli ukaiwekea transista za BD139 na BD140 za kusukuma hedifoni.